Yai la Binti wa Bubu

Mimi nimevunja mayai mengi kuliko mtu yeyote wa barabara yetu hapa Mbunya, mtaa wa Bunia, na sijisifu, ndiyo kazi yangu. Nina malewa kando ya njia: mabenchi mawili, chai, mkate, na omeleti ya vitunguu ambayo hata wanaonisengenya huja kuila asubuhi. Kwa hiyo mtu akitaka kunifundisha habari za mayai, akae kwanza anywe chai. Lakini habari ya Mama Bernadette ilinikuta sijui kitu, na mpaka leo nikiisimulia nashindwa kutulia kwenye benchi langu mwenyewe.

Bernadette ni jirani yangu. Kati ya kiwanja chake na changu kuna ua wa miti tu, na kuku wake hawajawahi kuuheshimu. Wameparua mchicha wangu, wameingia jikoni, mmoja aliwahi kutaga ndani ya kapu langu la makaa, na mimi nimepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yeye husikiliza mpaka nimalize, husema, "Pole, Mama Geneviève," kisha huniletea yai. Ni vigumu kugombana na mtu wa namna hiyo, ingawa nimejitahidi.

Alizaliwa na kuolewa kwa watu wa ng'ombe. Shemeji zake walikuwa wakimcheka kwa kupenda kuku, maana kwao kuku hakuwa mali, alikuwa kitu cha kumchinjia mgeni asiye na uzito. Kisha vita vikaja. Ng'ombe wakaswagwa wote, mume wake akafa kwa homa mafichoni, na wale shemeji wa kucheka wakaanza kupitapita kwake jioni kuuliza kama hakuna mayai. Aliwapa. Mimi nisingewapa, na nilimwambia hivyo.

Kazi yake ni kulea kuku wa watu. Mwenye kuku asiye na nafasi, labda anasafiri kwa biashara, au jirani yake ana mbwa mwizi, anamletea Bernadette mtetea mmoja. Bernadette anamlea, vifaranga wakikua wanagawana, na mwenye kuku huchagua kwanza. Siku ya kumpokea kuku, mlezi husema maneno yaleyale mbele ya watu: "Akikufa, nitakuletea miguu." Na kweli, kuku akifa, mlezi hukata miguu, huikausha juu ya moto, humwekea mwenyewe hata miezi ipite. Mwenye kuku anaijua miguu ya kuku wake. Ukimwambia mtu kuku wake alikufa na huna miguu, umemla, na barabara nzima itajua umemla.

Sasa, kabla ya vita, Mama Émilienne alimletea Bernadette mtetea wa ajabu. Émilienne ni mwenyeji wa Mahagi-Port, kule ziwani, anauza samaki wakavu sokoni, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Huyo mtetea alipewa na mama yake siku ya harusi. Alikuwa wa kijivu, ana manyoya mashavuni kama ndevu, na alikuwa anataga mayai ya kijani. Simaanishi madoadoa. Yai zima lilikuwa kijani hafifu, kama nyama ya parachichi pale inapogusana na ganda. Mara ya kwanza Bernadette aliponiletea moja nililigeuzageuza kama mtu aliyepewa fedha bandia.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema kuku amekula majani ya ziwani tangu utotoni. Wengine walisema ni samaki. Mimi nilisema ni sombe, na kwa kuwa sipendi kusema bila kujaribu, nilimlisha kuku wangu majani ya muhogo juma zima. Nilipata yai lilelile jeupe na kuku mwenye hasira.

Kisha mabaya yakatufikia mpaka Mbunya. Émilienne akakimbilia kwao ziwani. Wanaume wenye bunduki wakapita kiwanja hadi kiwanja, na kwa Bernadette wakafunga kuku wote miguu kwa kamba, wakaondoka nao wakining'inia kwenye mitutu. Mimi nilimwona yule wa ndevu akienda kichwa chini, anapiga mabawa. Kilichobaki ni kifaranga wake mmoja, aliyekuwa chini ya sufuria iliyopinduliwa. Bernadette alimfunga ndani ya kitenge pamoja na kitoto chake cha mwisho, tukakimbia sote mpaka kambi ya karibu na kiwanja cha ndege.

Kifaranga kikakua pale kambini, kikawa jogoo. Hebu fikirini, watu wamelala chini ya plastiki, wanaogopa hata kukohoa, na katikati yao jogoo anayejiandaa kuwika. Walitaka kumchinja, na mimi nilikuwa wa kwanza kutoa kisu. Bernadette akakataa. Alikuwa ameona kwamba jogoo hawezi kuwika bila kunyoosha shingo, basi akamtengenezea kapu la mfuniko wa chini kabisa, akamlaza humo kila jioni. Jogoo akawa anakoroma kidogo tu, kama mzee aliyekosa chumvi. Tukamwita Bubu.

Tuliporudi nyumbani ilikuwa amani, lakini amani ya kulala na viatu mguuni. Malori ya askari wa kofia za buluu yalipita asubuhi, na jioni kila mtu alifunga mlango mapema. Wanawake wakaanza tena kumletea Bernadette kuku, na Bubu akawa na wake wengi. Lakini miaka ile hakuna aliyengoja mtetea akomae. Ukingoja, mwingine atamla. Kwa hiyo binti wote wa Bubu waliishia sufuriani au sokoni kabla hawajataga hata yai moja, na hakuna aliyewaza juu ya hilo, mpaka siku Émilienne alipotokea langoni kwa Bernadette.

Alikuwa amekonda. Mama yake alikufa katika kukimbiakimbia, na nyumba ya kule ziwani ilikuwa imebaki majivu. Mimi nilikuwa kwenye ua, nasikia kila kitu.

"Mama Bernadette, nimerudia. Kuku ya mama yangu iko wapi?"

"Balimukamata, ndugu yangu. Balikuya na bunduki, bakakamata kuku yote ya hapa."

"Miguu yake iko wapi?"

"Balienda naye muzima. Na miguu ilienda."

Émilienne akacheka bila furaha. "Kila mutu sasa anasema bunduki. Kitanda yangu, bunduki. Bati ya nyumba yangu, bunduki. Leo kuku, bunduki. Na mumoja hakuna mwenye alikula kitu ya mwenzake."

"Mutoto yake iko," Bernadette akasema, akamwonyesha Bubu. "Ule jogoo. Nilikimbia naye mu kitenge."

Bubu wakati huo alikuwa anaparua mchicha wangu. Alikuwa mwekundu, hana ndevu hata moja, jogoo kama majogoo wote wa Bunia.

"Jogoo iko jogoo," Émilienne akasema. "Hatage yai. Nitamujua kwa kitu gani? Weye ulikula kuku ya mama yangu, Bernadette. Sema tu."

Niliruka ua. Nilisema mimi mwenyewe niliona, nilisema na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Lakini mimi ni rafiki wa Bernadette, nakula mayai yake, na kila mtu anajua mdomo wangu. Ushahidi wangu haukuwa na uzito wa miguu miwili mikavu.

Habari ikatembea. Juma halikuisha, wanawake wakaanza kuja kuchukua kuku wao, mmoja mmoja, kwa maneno matamu: sasa nina nafasi, mume wangu amejenga banda, watoto wanapenda kuku. Bernadette aliwakabidhi wote bila kunung'unika. Mlezi wa kuku akishapoteza jina lake hana kazi nyingine, na watoto wake walikuwa wanakula kwa jina hilo. Kiwanja kikabaki na Bubu, kuku mmoja mweupe mzee wa Bernadette mwenyewe, na binti wawili waliozaliwa na hao wawili. Walikuwa bado wachanga, miguu mirefu, akili fupi.

Ndipo Bernadette akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alikwenda mpaka kwenye meza ya samaki ya Émilienne, sokoni, mbele ya watu.

"Binti bawili ya Bubu niko nabo," akasema. "Sitabachinja, sitabauzisha. Bakianza kutaga, utakuya uangalie rangi. Kama haiko ya vert, ile kijani, useme ku barabara yote Bernadette alikula kuku yako. Miye sitajibu."

Basi tukaanza kungoja. Sijawahi kumwangalia kuku kwa namna ile. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, nilichungulia juu ya ua kuona kama vilemba vyao vimekuwa vyekundu, maana mtetea akikaribia kutaga kilemba hujaa damu, na ukimgusa mgongo anachuchumaa. Wateja wangu waliuliza habari za kuku kabla ya kuuliza chai. Wapo waliowekeana dau. Nami niliwafukuza wawili waliosema Bernadette atashindwa, kisha nikawaita tena kwa sababu walikuwa hawajalipa.

Wa kwanza akataga, kwa kelele kubwa, juu ya gunia. Nilifika kabla ya Bernadette. Lilikuwa yai dogo, zuri, la rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai kidogo.

Émilienne alikuja, akaliangalia, hakuligusa. "Siku ile uongo ilikuwa moja," akasema. "Leo iko mbili." Akaondoka. Bernadette aliketi chini palepale, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona analia. Kwa hasira nililichukua lile yai nikaenda kulikaanga.

Nilikuwa nalikaanga wakati Docta Lambert aliposimamisha pikipiki yake. Ni yule wa mifugo, anayezunguka na sanduku la dawa kuchanja kuku, na omeleti zangu anazijua. Nilimpa chai na mkate, nikamwaga kila kitu mbele yake: ndevu, sombe, ziwa, Bubu, yai. Akaacha kutafuna.

"Mama Geneviève, chakula haipake ganda rangi," akasema. "Inaweza kubadilisha kiini, lakini ganda hapana. Ganda yote inaanza nyeupe. Kuku mumoja anaiacha vile, anataga ya nyeupe. Mwingine, karibu ya kutaga, mwili yake inapaka rangi ya brun, kahawia, kwa juu, sawa vile unapaka nyumba kisha kumaliza kujenga. Angalia ndani yake, utaona nyeupe. Lakini ile ya vert iko na njia yake. Ile rangi inaingia mu ganda yenyewe, tangu inajengwa. Juu na ndani."

"Na inatoka wapi?"

"Ku kizazi. Ku mama, ao ku baba."

"Jogoo hatage yai, Docta."

"Hatage, lakini anabeba. Weye unaweza kuwa na pua ya mama ya baba yako, hapana?"

Nilijishika pua. Kweli ni ya mama ya baba yangu, wananitania nayo tangu utoto, na baba yangu hakuwa nayo hata kidogo.

"Lakini kila mutoto hapate," Lambert akaendelea. "Binti moja anapata, mwingine anakosa. Moitié-moitié, nusu kwa nusu. Ule wa kwanza alikosa. Haiseme Mama Bernadette alidanganya. Na wa pili, anaweza kupata, anaweza kukosa."

Sikungoja amalize chai. Nilikimbia nyuma ya jiko, kwenye jaa langu la maganda, nikaketi humo kama mtu anayetafuta pete. Nikaokota ganda la kahawia, nikageuza: ndani jeupe. Nikaokota jingine. Jeupe. Miaka yote hiyo nayatupa na sijawahi kuyageuza. Nilikumbuka pia majuma ya milio ya bunduki, jinsi kuku wangu wa mayai ya kahawia walivyotaga mayai yaliyopauka, yamenyunyiziwa kama unga. Nilimpigia Lambert kelele kutoka jaani kumwuliza, naye akajibu kwamba kuku akishtuka hulishikilia yai ndani, linapata chokaa nyingine juu. Mimi nilidhani ilikuwa njaa. Nilimkimbilia Bernadette na maganda mikononi, na yeye akanisikiliza, akajifuta macho, akaenda kumwangalia yule mtetea wa pili kwa muda mrefu.

Siku ya huyo wa pili barabara nzima ilijua, kwa sababu mimi niliitangaza. Kilemba kilikuwa chekundu kabisa, mtetea anaingia kwenye kapu, anatoka, anaingia. Wanawake wakajaa kiwanjani, hata wale waliochukua kuku wao. Émilienne akaja pia, akasimama langoni. Mtetea akatulia, akafumba macho.

Bunduki zikalia upande wa barabara ya chini. Sote tulikuwa tumelala kifudifudi kabla ya mlio wa pili, watoto chini ya matumbo yetu, mwili haujasahau. Baadaye ilisemekana ni mlinzi aliyefyatua bila kukusudia. Tulipoinuka tukijipangusa, na wengine wakijicheka, kapu lilikuwa tupu. Mtetea alikuwa ameruka, hajulikani alikokwenda. Tulimtafuta mpaka jua likazama. Watu wakarudi makwao, na Émilienne akaenda nao.

Asubuhi niliingiza mkono kwenye kapu la makaa ili niwashe jiko. Mkono ukagusa manyoya. Manyoya yakanidonoa, yakatoka yakipiga kelele za kuku aliyetaga, na chini yake kulikuwa na kitu cha moto, laini, cheusi tii kwa vumbi la makaa. Nikakifuta na kitenge changu. Chini ya weusi ikatokea chokaa iliyonyunyizwa kama unga, alama ya woga wa jana, na chini ya chokaa ikatokea rangi ya parachichi.

Nilipiga ukelele ambao watu wa mbali walidhani vita vimerudi, nawaomba radhi. Bernadette aliruka ua kama msichana. Tulishikana, tukazunguka na lile yai katikati yetu, yeye analia, mimi nacheka, Bubu anawika kwa sauti yake ile mbovu.

Émilienne aliitwa, akafika na nusu ya soko nyuma yake. Aliliangalia yai kwenye kiganja cha Bernadette. Nikaona uso wake ukitaka kufunguka, kisha ukajifunga.

"Nani alilipata?"

"Miye," nikasema, "mu kapu yangu ya makaa."

"Weye mwenyewe? Mu kapu yako? Na hakuna mutu alikuwa?" Akatikisa kichwa. "Batu banapakaka mayai ya nyeupe majani ya chai, banatuuzia sawa ya kienyeji. Siye tunajua. Munaweza kupaka na majani mengine."

Nilifungua mdomo, na nadhani ningesema mambo ambayo yangeharibu kila kitu. Bernadette aliniwekea mkono begani. Akamnyooshea Émilienne yai.

"Rangi ya kupaka iko inje," akasema. "Ile ya kizazi inaingia mpaka ndani. Vunja weye mwenyewe."

Lilikuwa yai pekee. Kama lingekuwa jeupe ndani, jina la Bernadette lingekwisha pale pale, mbele ya wote. Nilileta bakuli langu la omeleti. Émilienne akaligonga ukingoni, akamwaga ute na kiini, akabandua kwa ukucha ile ngozi nyembamba ya ndani, polepole, kisha akaliinua ganda kwenye mwanga wa asubuhi.

Ndani lilikuwa kijani. Lilikuwa safi kuliko hata nje, kwa sababu ndani hakukuwa na chokaa wala makaa.

Émilienne aliketi kwenye benchi langu, ganda mkononi. "Mama yangu alikuwa anatupa ile maganda tucheze nayo," akasema. "Tulikuwa tunapanga ku dirisha." Kisha akalia, mwanamke yule asiyependa maneno, akalia kwa sauti, na wengi wetu tukalia naye, kila mmoja na chake.

"Sikumukula," Bernadette akasema.

"Nimeona."

Yalibaki mambo ya desturi. Vifaranga wa kuku wa kulea hugawanywa, na mwenye kuku huchagua kwanza. Bernadette mwenyewe ndiye aliyesema, "Bon, chagua." Émilienne akamnyanyua yule mtetea wa mayai ya kijani, akamweka kwapani, akaelekea langoni. Ilikuwa haki yake. Mimi niliumia vibaya, maana niliona kiwanja kile hakina kuku wa mtu hata mmoja, na Bernadette amesimama mikono mitupu, na wale wanawake wote wanaangalia chini.

Langoni Émilienne akasimama. Akarudi mpaka pale, akamtoa mtetea kwapani, akamweka mikononi mwa Bernadette.

"Unileleye huyu," akasema.

Bernadette akamshika vizuri, akaanza yale maneno ya mlezi: "Akikufa, nitakuletea..."

"Hapana," Émilienne akasema. "Huyu akikufa, usiniletee miguu."